Je, mwanao anasoma au anakariri?

JIONI moja ya mwezi wa Desemba, nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Kehancha, mama yangu alifungua pindo la leso yake akatoa bahasha ndogo ya dawa. Akamkabidhi mjukuu wake, mwana wa kaka yangu, ambaye alikuwa amemaliza Gredi ya 4 majuma machache tu yaliyotangulia.

"Hebu nisomee, baba," akamwambia.

Mtoto aliishika bahasha kwa mikono miwili, akakohoa kidogo kama chifu anayejiandaa kuhutubia baraza, kisha akasoma kwa sauti kubwa bila kusita: "Vidonge viwili, mara tatu kwa siku."

Sote tulitabasamu kwa fahari. Mama alikuwa tayari ameshika kikombe cha maji nilipoinama kuokota bahasha iliyoanguka miguuni pangu. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, baada ya kula.

Mtoto hakuwa mwongo wala mtukutu. Aliwahi kusikia bahasha nyingine ya dawa ikisomwa, akakumbuka jinsi maneno yake yanavyokwenda, akayasema kwa ujasiri. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya darasani kwa miaka minne, na hakuna aliyekuwa amemgundua. Si walimu wake, si wazazi wake, wala mimi shangazi yake ninayejifanya msomi kutoka Nairobi.

Kesho yake asubuhi nilimwomba aniletee kitabu chake cha Kiingereza. Alisoma ukurasa mzima wenye picha ya soko bila kosa hata moja. Nikaifunika picha kwa kiganja, nikaweka kidole kwenye neno lililo katikati ya mstari wa nne, na kumwomba aanzie hapo. Akanyamaza. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa aanze wimbo kutoka ubeti wa tatu.

Msomaji wa mjini, usicheke. Binti yangu wa Gredi ya 5, aliyelelewa Nairobi akiwa na vitabu tele chumbani, aliusoma ukurasa ule ule mbio kama maji ya mfereji. Lakini nilipompa kitabu cha hadithi cha Kiswahili aliniuliza: "Mama, hii itakuja kwa mtihani?" Nilipomjibu kwamba haitakuja, alikirudisha mezani taratibu na kwenda zake.

Basi likizo hiyo nilijikuta na watoto wawili chini ya paa moja. Mmoja hakuweza kusoma, na mwingine aliweza lakini hakutaka. Naamini msomaji wangu anamjua mmoja wao, ikiwa hajawalea wote wawili.

Lugha tatu, mtoto mmoja

Ili kuelewa yaliyomsibu mpwa wangu, ni lazima kuitazama Kehancha ilivyo. Mji huu uko Kuria Magharibi katika Kaunti ya Migori, na si mbali na Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Nyumbani mtoto huamkia Kikuria. Sokoni, ambako Mkuria, Mjaluo, Mkisii na mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka hukutana, husikia Kiswahili. Akifungua kitabu cha hesabu shuleni, anakutana na Kiingereza.

Wakuu wa elimu hawakuwa vipofu kwa jambo hili. Tangu ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya Kenya imekuwa kwamba lugha inayozungumzwa katika eneo la shule itumiwe kufundishia madarasa matatu ya kwanza, kisha Kiingereza kichukue nafasi hiyo kuanzia darasa la nne. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, uliendeleza msimamo huo. Wenzangu wa umri wangu watakumbuka pia vitabu vya TKK, yaani Tujifunze Kusoma Kikwetu, vilivyotayarishiwa lugha mbalimbali za nchi hii.

Hata hivyo, sera ni kitu kimoja na darasa ni kitu kingine. Wazazi wengi huamini kwamba mtoto asiyeongea Kiingereza bado hajaanza kusoma. Mwalimu naye anajua mtihani utaandikwa kwa lugha gani, na vitabu vya hadithi vya Kikuria ni adimu kama mvua ya Januari. Matokeo yake ni kwamba mtoto hufundishwa kutamka maneno ambayo hajui maana yake. Akishindwa kuelewa, silaha inayobaki mkononi mwake ni kumbukumbu. Watoto wana kumbukumbu kali ajabu, na ndiyo maana hila hii huweza kudumu miaka mingi bila kugunduliwa.

Hapo mtu anaweza kusema kwamba dawa ni kubadilisha lugha tu. La hasha. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Sirari na Tarime, wanaishi Wakuria wenzetu ambao tunaoana nao na kuzikana. Huko Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 1967. Lakini Tanzania nayo ilionekana kuwa na watoto wengi waliomaliza madarasa ya mwanzo bila kujua kusoma, hata mwaka 2015 ikaanza kutumia mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Lugha ni mlango, lakini mtoto anahitaji mtu wa kumshika mkono apite.

Watatu kati ya kumi

Mpwa wangu hakuwa peke yake. Mpango wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009, uliwatuma watu wa kujitolea kuwapima watoto majumbani mwao huko Kenya, Tanzania na Uganda. Kila mtoto alipewa herufi, maneno, aya fupi na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Katika ripoti ya Kenya ya mwaka 2011, ni watoto 3 tu kati ya kila 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi hiyo. Tukumbuke kwamba elimu ya msingi ilikuwa imefanywa kuwa ya bure mwaka 2003. Madarasa yalikuwa yamefurika, na wazazi walikuwa wakijipongeza kwamba watoto wako shuleni. Kuwa shuleni na kusoma ni mambo mawili.

Ndipo mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wa Tusome kote nchini, uliofadhiliwa na USAID. Mambo yaliyofanywa na mpango huo yalikuwa ya kawaida kabisa. Kila mtoto alipata kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza, badala ya watoto wanne kuinamia kimoja. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo, na afisa wa elimu akawa anafika darasani kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma. Usomaji uliinuka. Jambo hilo la mwisho, kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, ndilo ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya jikoni kwake bila mfadhili.

Kusoma ni nini hasa?

Wengi wetu tulifundishwa zamani hata tumesahau jinsi ilivyokuwa. Mtoto anapaswa kwanza kujua kwamba neno alisemalo limejengwa kwa sauti, na kwamba kila sauti ina alama yake. Kisha huunganisha alama hizo kuwa silabi, silabi kuwa maneno, na maneno kuwa sentensi. Kiswahili kina huruma katika jambo hili. Herufi "a" husomwa vile vile popote ilipo, na mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu amepata ufunguo wa maelfu ya maneno. Kiingereza hakina huruma hiyo. Herufi moja hubadilisha sauti kila kukicha.

Mtoto wa Kikuria ana bahati nyingine asiyoambiwa. Kikuria na Kiswahili ni ndugu, kwa kuwa zote ni lugha za Kibantu. Ng'ombe ni ng'ombe katika lugha zote mbili, ila Kikuria huongeza irabu mbele. Watu ni "abanto". Sauti ya ng', ambayo humtoa jasho mgeni, mtoto huyu ameinyonya pamoja na maziwa. Kweli Kikuria kina irabu saba na Kiswahili kina tano, lakini aliyezoea saba hatashindwa na tano. Mwalimu akimwonyesha udugu huo, mtoto huona kwamba anakijua nusu ya kitabu kabla hajakifungua.

Halafu kuna suala la mwendo. Mtoto anayesoma herufi moja moja kwa kuhangaika, akifika mwisho wa sentensi huwa amekwisha kusahau mwanzo wake. Kwa hivyo haelewi, na asipoelewa hapati raha, na asipopata raha hasomi tena. Kinyume chake, anayesoma kila siku huongeza kasi, akaanza kuelewa, akaanza kucheka pale penye kichekesho. Hiyo ndiyo siri ya kupenda vitabu.

Raha ilikwenda wapi?

Mimi nilizaliwa katika jamii inayopenda hadithi. Wakuria tuna iritungu, kile kinanda chetu cha nyuzi nane, na mpigaji wake hakuwa mwimbaji tu bali mtunza habari za mashujaa na mifugo na uhamaji. Jioni watoto walitegeana vitendawili. Aliyetoka katika baraza hilo na kukutana na Hekaya za Abunuwasi shuleni hakuhitaji kulazimishwa kusoma. Alikuwa tayari na njaa ya kisa.

Siku hizi shule nyingi huwapa watoto vitabu bila kuwapa visa. Nimeona shule, sitaitaja, ambayo vitabu vyake vya hadithi vimefungiwa kabatini na kufuli likawekwa, ati visichafuliwe. Miaka mitano baadaye bado vinang'aa, na watoto hawajui kusoma. Nimeona pia mtoto aliyekosea darasani akiadhibiwa kwa kusomeshwa ukurasa mbele ya wenzake. Tukikifanya kitabu kuwa kiboko, tusishangae mtoto akikikimbia. Isitoshe, huku kwetu kuna msimu wa tumbaku, ambapo mikono ya watoto huhitajika shambani na madaftari hulala.

Tena vitabu havina bei nafuu. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviongezea kodi ya asilimia 16, na mzazi mwenye watoto wanne akipima kati ya kitabu cha hadithi na pakiti za unga, unga hushinda.

Hata hivyo, wapo waliotuonyesha kwamba penye nia pana njia. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa nchini Kenya ilianza kuwapakia ngamia masanduku ya vitabu huko Kaskazini Mashariki, ili wafikiwe watoto wa wafugaji ambao gari haliwezi kuwafuata. Tanzania nayo ilipata Mradi wa Vitabu vya Watoto mwaka 1991, uliowasaidia waandishi na wachapishaji kutoa vitabu vya Kiswahili vya watoto na kuvifikisha shuleni. Na tangu mwaka 2014 kumekuwa na African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini ambao hutoa hadithi fupi zenye picha bila malipo, nyingi zikiwa za Kiswahili, na mtu huweza kuzisoma kwenye simu au kuzichapisha kwenye karatasi. Ikiwa ngamia ameweza kubeba maktaba, basi la kwenda Isebania halitashindwa na mfuko mmoja.

Tulivyofanya likizo ile

Nilikuwa na majuma matatu. Kila jioni baada ya chakula tulikaa dakika 15 chini ya taa ya sola. Nilikata karatasi za pakiti za unga, nikaandika silabi, na mpwa wangu akazipanga kuwa maneno aliyoyajua: baba, mama, kuku, maziwa. Siku tatu za kwanza alinuna, maana aliona ninamrudisha chekechea. Siku ya nne alipanga "ng'ombe" mwenyewe, akaenda kumwita bibi yake aje aone.

Nilidhani binti yangu angeniachia kazi yote. Lakini mama yangu aliingilia kati. Alisema kwa Kikuria kwamba yeye ana hadithi, na kama tunapenda vitabu kiasi hicho basi tuiandike. Akatutolea ya sungura na fisi waliogawana shamba. Binti yangu hakielewi Kikuria vizuri, na hilo ni kosa langu. Ikabidi mpwa wangu amfasirie kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, naye binti yangu akaandika. Yule aliyekuwa mjinga wa kitabu akawa mwalimu, na mwenye maksi za juu akawa anauliza, "Amesema nini? Ngoja, rudia hapo!" Kwa siku nne walibishana, wakacheka, wakachora. Tukazishona karatasi kwa uzi wa gunia, tukapata kitabu cha kurasa kumi na mbili.

Mpwa wangu alikisoma mara nyingi. Ili asije akakariri tena, nilizichanganya kurasa kabla ya kuzishona na kumwambia azipange. Alizipanga, moja baada ya nyingine, kidole chini ya kila neno.

Kwako mzazi

Nisingependa msomaji aishie kusema "hadithi nzuri" na kufunua ukurasa wa mapishi. Kuna mambo machache ambayo nyumba yoyote inaweza kuyafanya.

Kwanza, mpime mwanao leo usiku. Funika picha, mwanzishe katikati ya ukurasa, kisha mwombe akueleze kwa lugha yoyote alichosoma. Usimkaripie akishindwa. Umegundua ugonjwa, na mgonjwa hapigwi.

Pili, msomee kwa sauti hata kama anajua kusoma. Dakika 15 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Katikati ya kisa kitamu funga kitabu, umwache akisihi.

Tatu, mzazi au bibi asiyejua kusoma asijitoe. Mtoto amsomee yeye, na yeye aulize: "Kisha ikawaje?" Swali hilo moja humlazimisha mtoto kuelewa. Na hadithi alizo nazo bibi hazimo katika duka lolote la vitabu.

Nne, mwache mtoto achague. Akipenda magari asome magari, akipenda kandanda asome kurasa za michezo za gazeti hili. Kitabu kilichochaguliwa na mtoto husomwa. Kilichochaguliwa na mjomba hukaa rafuni.

Tano, unapofunga safari ya Desemba kwenda mashambani, pamoja na mkate, sukari na majani ya chai, tia vitabu vitatu vya Kiswahili ambavyo wanao wamekwisha kuvisoma. Viachie watoto wa huko, na uombe walimu wa shule jirani wafungue kabati.

Wanafunzi wa vyuo nao wana nafasi yao. Kuria si kame ya waandishi. Profesa Chacha Nyaigotti-Chacha, aliyeandika tamthilia ya Mke Mwenza, ni mwana wa huku. Kijana anayejua Kikuria, Kijaluo au Kisuba na kuandika Kiswahili safi anaweza kukaa na wazee likizo moja tu na kuwaachia wadogo zake kitabu.

Usiku wa mwisho kabla hatujarudi Nairobi, mama alifungua tena pindo la leso. Ilikuwa bahasha mpya, maana dawa ya kwanza ilikuwa imekwisha. Mpwa wangu aliipokea, akaisogeza karibu na taa, akaweka kidole. Alikwama kwenye neno la pili, akarudi nyuma, akaligawa silabi kwa silabi, akaendelea. Alichukua muda mrefu hata maji ya kikombe yakapoa.

"Mbona leo umekawia hivyo?" mama akamwuliza.

"Leo ninasoma, nyanya," akajibu, bila kuinua macho.

Nilichungulia juu ya bega lake. Hakuwa amekosea hata neno moja. Mama akameza kidonge chake kimoja, na mtoto akamkumbusha kwamba kingine ni cha asubuhi, baada ya kula.